Riwaya Zilizopikia Ugali

Yule kijana aliyekuwa akitujazia fomu kule Mueda alinicheka. Hakucheka kwa ubaya, hilo nitalisema wazi. Alicheka kama mtu aliyechoka tangu asubuhi, kisha akapata kitu cha kumpumzisha. Lakini alicheka, na mpaka leo nikiyakumbuka meno yake damu inanichemka.

Tulikuwa tumepanga mstari, watu tuliokimbia vita Mocímboa da Praia, wengine kwa miguu, wengine kwa magari ya kubahatisha, tumepita Awasse na watoto mgongoni na masufuria kichwani. Kila aliyefika mezani aliulizwa amepoteza nini. Mzee mmoja alitaja nyavu na mbuzi watatu. Mama aliyekuwa mbele yangu alitaja kitanda, kabati na friji. Kijana akaandika vyote. Zamu yangu ilipofika nikataja cherehani, maana mimi ni fundi wa kushona, nikataja vitambaa vya wateja na mabati ya nyumba, kisha nikasema, "Na vitabu. Sanduku zima la vitabu."

"Vya dini?"

"La, msahafu nimekuja nao. Hivyo ni vya hadithi. Riwaya."

"Riwaya," akarudia. "Za kusoma?"

"Kwani kuna za kuvaa?"

Hapo ndipo alipocheka. Akamgeukia mwenzake akamwambia kwa Kireno, naye akacheka. Mama wa friji akacheka pia, ingawa Kireno hakijui.

"Mama, hapa tunaandika mali," kijana akaniambia kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa.

Hata hivyo aliandika neno moja. Nilinyoosha shingo nikalisoma kutoka upande wangu. Najua kusoma maandishi kichwa chini miguu juu. Nilijifunza utotoni kwa kukaa mbele ya baba akisoma. Aliandika *papéis*. Karatasi.

Friji ni mali. Sawa. Lakini friji lile nalijua, tulikuwa bairo moja, mtaa mmoja, na miaka mingi lilikuwa halipozi kitu, yule mama aliweka humo viatu vya watoto. Friji la viatu likaandikwa jina lake, na vitabu vilivyonilea vikaandikwa karatasi. Nilisaini. Ningefanya nini? Nyuma yangu kulikuwa na watu jua linawachoma.

Vitabu vile vilianza na baba. Yeye naye alikuwa fundi wa kushona. Wakati wa vita vya uhuru alivushwa mto Ruvuma akiwa mtoto, akasoma shule Lindi, na aliporudi mtu mzima alirudi na mkasi, futi ya kupimia na riwaya mbili za Kiswahili. Tangu hapo kila aliyekwenda Mtwara aliagizwa kitabu. Wengine walisahau, wengine walimletea kalenda, wachache walimletea kitabu kweli. Ijumaa baada ya sala, baba alikuwa akiweka kazi pembeni na kutusomea sisi wanawe watatu, pini zikiwa bado zimeshikwa na midomo, hata maneno mengine yalitoka yamebanwa. Kaka zangu walichoka mapema wakaenda kucheza mpira. Mimi sikuchoka.

Baba alipofariki nilirithi cherehani na sanduku la bati. Nikaendelea kuliongezea, Kiswahili kutoka kaskazini, Kireno kutoka kwa walimu waliohamishwa wakitaka kupunguza mizigo. Kila kitabu nilikifunga kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu hewa ya bahari inakula karatasi.

Nilisoma baada ya chakula cha mchana, wateja wanapolala, miguu yangu ikiwa juu ya pedali ya cherehani. Sikukunja ukurasa hata siku moja. Niliweka kipande cha kitambaa nilichokuwa nikishona siku hiyo, kwa hiyo hadithi zangu zote zilichanganyika na nguo za mji. Riwaya ya mwizi wa korosho ilikuwa na kipande cha gauni la harusi la binti wa mwuza samaki. Ile ya mganga wa uongo ilikuwa na pindo la sare ya shule. Kurasa zikibaki kama ishirini nilikuwa nikisimama kwenda kuosha vyombo visivyo na uchafu, ili nichelewe kufika mwisho.

Na nilikuwa nikisema nao, wale watu wa ndani. Siku moja nilipayuka, "Mwache huyo mwanamume, atakuua!" Sikujua kwamba mteja ameshaingia. Dada wa watu alikaa chini palepale akaanza kulia. "Nani amekwambia?" akaniuliza. Nikafunga kitabu. Alinieleza mambo ya ndoa yake mpaka alasiri, na mimi sikuthubutu kumwambia kwamba nilikuwa nikimgombeza mke wa askari wa reli ambaye hayupo duniani.

Wifi yangu alikuwa haachi kunisema. "Mwanamke mzima unakaa kusoma mambo ambayo hayakutokea. Ni uongo ule, na uongo ni dhambi."

"Na yale uliyoyasema juu ya binti wa mwalimu," nilimwuliza siku moja mbele ya watu, "yalitokea?"

Alinuna mwezi mzima. Nilistarehe.

Nilirudi Mocímboa wakati watu wengi wameshaanza kurudi. Nyumba yangu ilikuwa imesimama kuta tu. Mabati hakuna, mlango hakuna, cherehani hakuna. Haya niliyatarajia, nilikuwa nimekwisha kuyalilia Mueda. Pembeni ya chumba, pale lilipokuwa sanduku, palikuwa na alama ya mraba sakafuni, safi kuliko sehemu nyingine zote.

Sanduku nililiona kesho yake. Lilikuwa kwa jirani.

Huyu jirani ni Mmakonde wa Mueda, Mkristo, tumeishi ukuta kwa ukuta miaka zaidi ya ishirini. Nilimshonea magauni ya Krismasi, yeye akanisaidia kumwosha mama yangu alipokuwa hajiwezi. Alirudi miezi mitano kabla yangu, wakati wa mvua. Aliponiona alinikumbatia akalia, nami nikalia, na nikiwa bado nimemkumbatia nikaliona sanduku la baba nyuma yake, kifuniko wazi, ndani unga wa mihogo.

"Lilikuwa kwako," akasema kabla sijauliza. "Kwako palikuwa panavuja, nikalileta huku."

"Vilivyokuwamo viko wapi?"

Akatazama chini. "Shoga, tulivipikia."

Sikuelewa. Neno lilikuwa jepesi, lakini halikuingia.

"Vyote?"

"Vyote. Mvua ilikuwa haikatiki. Kuni mbichi, na porini nani angekwenda? Unajua hali ilivyokuwa. Nilikuwa na watu saba wa kulisha."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia angechoma kitanda chake kwanza.

"Kitanda ndicho tulichoanza nacho," akajibu. Hakupandisha sauti. "Halafu milango. Halafu viti. Vitabu vilikuwa vya mwisho."

Nikaondoka bila kuaga. Wiki tatu sikumsalimu. Nikimsikia anafagia nje, mimi naingia ndani. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikuwa na hata haki ya kuudhika. Watu saba walikula ugali wa moto wakati wa mvua, kisha mimi ninune kwa ajili ya mke wa askari wa reli? Yule kijana wa Mueda angecheka mpaka aanguke. Lakini nilinuna. Nilikuwa nikikaa nyuma ya cherehani ya kuazima, baada ya chakula cha mchana, sina cha kusoma, nikisoma maandishi ya magunia ya mchele na ya chupa za dawa, na hasira ikinipanda upya kila siku saa nane.

Basi siku moja akaja binti yake. Si mtoto, ni mwanamke wa kama miaka ishirini na mbili, ana mwana wake mgongoni. Shule aliiacha darasa la saba alipochukua mimba ya kwanza. Alileta kapulana, kitenge cha kwetu, anataka gauni. Nilimpima harakaharaka. Nilipokuwa nikiandika vipimo akasema, "Shangazi, yule mpiga taipu alikosea sana."

"Mpiga taipu gani?"

"Yule wa mahakamani. Aliyepewa karatasi ya hukumu ya kaka yake aipige."

Kalamu ilinidondoka. Ile ilikuwa riwaya ya baba, mojawapo ya zile mbili alizorudi nazo kutoka Lindi. Jalada la kijani, mgongo umeshonwa kwa uzi mweusi kwa mkono wake mwenyewe.

"Umemjuaje wewe?"

Ndipo akanieleza. Mama yake alipotaka kutia kitabu cha kwanza motoni, yeye alimwomba asikitie chote. Wakapatana. Binti alikaa kando ya mafiga akisoma, akimaliza ukurasa anauchana na kumpa mama, na mama anautia motoni. Akichelewa mama anauliza, "Umemaliza? Maji yanapoa." Alisoma kila kitabu kwa namna hiyo, vya Kiswahili na vya Kireno, kimoja baada ya kingine, mpaka mvua zikaisha na sanduku likawa tupu.

"Kila kimoja?"

"Kila kimoja. Vingine niliwasomea kwa sauti. Mama alikuwa akisema soma kwa nguvu, moto unapiga kelele."

Nilimwambia akae. Nikamwekea mtoto mkeka. Nikamwambia, "Nisimulie ile ya mwizi wa korosho."

Alikuja karibu kila siku baada ya hapo. Na mimi, niseme kweli, nilikuwa nikimgoja, nimekunywa chai yangu mapema, nimefagia. Alikuwa anakumbuka mambo niliyoyasahau: mbwa mwenye sikio moja, wali ulioungua siku ya posa. Lakini aliniudhi vilevile! Kusoma alifundishwa kwa Kireno, hivyo Kiswahili alikisoma kwa herufi za Kireno, na majina aliyoyakuta vitabuni tu yalimkaa kinywani hivyohivyo. Herufi h haikuwapo kabisa. Hakimu alikuwa "akimu", Hamisi "Amisi". Mji wa Chole aliuita "Shole".

"Kwa nini unawanyima watu majina yao?" nilimwuliza. "Sema hakimu. Toa pumzi."

"Akimu."

"Hhh!"

"Hhhakimu." Akacheka, na mwanawe akacheka kwa kumwona mama yake anacheka.

Siku tuliyofika kwenye riwaya ya mpiga taipu nilikuwa nimeweka kazi zote pembeni. Alisimulia vizuri, polepole, akifuata mambo kwa mpangilio wake: jinsi yule dada alivyoletewa faili bila kujua, jinsi alivyoliona jina la kaka yake katikati ya ukurasa, jinsi vidole vilivyokataa. Kisha akasema:

"Akamaliza kuipiga. Akaipeleka kwa hakimu, hakimu akaigonga muhuri. Kaka akapata kifungo cha maisha. Dada akarudi nyumbani akabandika maharage."

"Si hivyo," nikasema. "Aliichana. Aliichana mbele ya hakimu, watu wote wanatazama. Hakimu akaona aibu, kesi ikasikilizwa upya, kaka akatoka."

"Hapana, shangazi."

"Unaniambia hapana mimi? Kitabu kile nimekaa nacho tangu sijatoa meno ya mbele!"

"Ukurasa wa mwisho niliushika mkono wangu. Niliwasomea wote. Hakuichana. Alibandika maharage, akachambua mchele, basi."

"Ulisoma kwa moshi machoni."

"Wewe mwisho wake uliusoma lini?" akaniuliza. Hakuuliza kwa jeuri. Alitaka kujua tu.

Ukweli ni kwamba mwisho wa kitabu kile sikuwahi kuusoma kwa macho yangu. Baba alitusomea mimi nikiwa na miaka kama tisa, na mwisho niliusikia kinywani mwake. Baadaye nilikirudia mara nyingi, lakini kila mara nilisimama kabla ya sura ya mwisho. Nilikuwa naujua mwisho, nikaona heri nimwache yule dada amekaa na karatasi yake, ajue kwamba nitarudi. Ilikuwa starehe yangu ya siri. Ningemwelezaje mtu?

"Gauni lako litakuwa tayari Jumamosi," nikamwambia. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake.

Mpwa wangu huenda Mtwara kununua vitenge. Nilimwagiza kile kitabu, nikamwandikia jina lake kwenye kiganja kabisa ili asiniletee kalenda. Safari ya kwanza akarudi mikono mitupu. Ya pili vilevile, na uso wa kunionea huruma, kama wa mtu anayetafutia mzee dawa isiyokuwapo. Ya tatu alikipata kwa mwuza vitabu vikuukuu anayevitandaza chini karibu na stendi, pamoja na vingine vitatu ambavyo sikuagiza. Jalada lilikuwa jingine, jekundu. Nilikichukua nikakifungulia mlangoni, nimesimama, mpwa wangu bado anashusha marobota. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilianza kitabu mwishoni.

Binti alikuwa amesema kweli neno kwa neno. Dada anapiga hukumu. Anaipeleka. Anarudi nyumbani, anabandika maharage, anachambua mchele.

Sijui kama nimewahi kukasirika vile. Nilimkasirikia mwandishi, ambaye pengine amekwisha kufa, kwa kumpikisha maharage mwanamke aliyetoka kumfunga kaka yake. Nilimkasirikia binti wa jirani kwa kukumbuka vizuri. Na nilimkasirikia baba. Miaka yote ile! Nimezitetea hadithi mbele ya wifi kwamba hazisemi uongo, kumbe mwongo alikuwa anakaa kwangu, ameshika pini kwa midomo.

Ilinichukua siku kadhaa kupoa kiasi cha kufikiri. Nilijaribu kuikumbuka Ijumaa ile. Baba alisoma bila kukwama. Aibu ya hakimu, watu waliosimama mahakamani, wakili mzee aliyelia, lango lilivyofunguliwa na kaka akatoka na viatu mkononi, yote yale hayamo kitabuni. Aliyatunga palepale mbele yetu, macho kwenye karatasi, na kidole akikipeleka mstari kwa mstari ili tusishuku. Baba alikuwa na kaka yake mkubwa. Wareno walimchukua, akapelekwa huko walikokuwa wakipelekwa watu, asirudi. Habari hiyo tuliijua sote nyumbani, ilikuwa haisemwi sana. Mimi sikuwahi kuiweka karibu na kitabu hiki.

Nilikaa nayo mpaka alasiri moja nikachukua kitabu nikaenda kwa jirani. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia kwake tangu siku ya sanduku. Alikuwa anapepeta unga, binti yake ananyonyesha. Sikuwa na hotuba. Nikamwambia binti, "Ulisema kweli. Alibandika maharage."

Binti hakujisifu. Alitabasamu tu, akanyoosha mkono kukishika kitabu.

Mama yake ndiye aliyeweka ungo chini. "Mimi nilisema siku ileile," akasema kwa ukali. "Nilisema hukumu ile haikuwa ya haki! Yule hakimu alikuwa anajua kwamba ni dada yake mshitakiwa. Anajua, halafu anampa aipige yeye. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," binti akakubali.

"Karatasi ile niliitia motoni kwa hasira. Sikuionea huruma hata kidogo. Nisamehe, shoga, zile nyingine nilizionea."

Nikakaa. Sikujua nicheke au nikasirike tena. Nikawasimulia mwisho wa baba, kama nilivyousikia: karatasi kuchanwa, wakili mzee, lango, viatu mkononi. Jirani alisikiliza kwa kunitumbulia macho, na nilipofika langoni akapiga paja lake kwa kiganja.

"Huo ndio mwisho! Huo ndio!"

"Mama, huo haukuandikwa," binti akasema.

"Haukuandikwa na nani? Aliyeandika ule mwingine alikuwepo?"

"Kitabu ni hiki hapa, mama, kinasema vingine."

"Basi kitabu kimekosea, na mwenye kitabu amekosea, na hakimu amekosea!"

Wakabishana kwa Kiswahili, kisha wakaingia Kimakonde, wakaniacha nje, kisha wakarudi wakitaka niamue. Nilikataa kuamua. Nilikuwa na sketi mbili za kumaliza kabla ya magharibi. Kitabu nikamwachia binti, nikampa na kipande cha kitambaa aweke anapofikia, nikamwonya kwamba nikikuta ukurasa umekunjwa tutaonana wabaya. Nilipofika kwangu nilikuwa bado nawasikia ukutani, mama akimwambia binti asome tena pale dada anapoingia kwa hakimu, asome kwa nguvu, na binti akimsomea.